Bibi Shamba Anajibu: Panzi Hushindwa Kabla Hajaota Mabawa

Mwezi huu barua za panzi zimenifikia kutoka kila upande, Mvomero mpaka Machakos, kwa hiyo nafasi yote nimewapa wao. Walioniuliza kuhusu ugonjwa wa kinyausi kwenye vitalu vya nyanya, naomba mnivumilie hadi toleo lijalo.

Shikamoo Bibi Shamba. Nyuma ya nyumba nina bustani ya mchicha, chainizi na bamia, na pembeni kuna mihogo tunayochuma kisamvu. Siku hizi wametokea panzi wadogo weusi wenye madoa ya njano. Wamejazana kwenye magugu chini ya mwembe, na baadhi wameanza kupanda kwenye mihogo. Ukiwasogelea hawaruki. Jirani ananiambia ninunue sumu nimalizane nao, lakini wanangu wanakula mboga hizi kila siku na roho inasita. Nifanyeje?
*Mama wa watoto wawili, Mvomero*

Marahaba, mwanangu. Roho yako inasita kwa haki kabisa. Mchicha na chainizi unachuma kila baada ya siku chache, na jani lile lile lililopigwa dawa ndilo linaloingia chunguni. Sumu za dukani zina siku za kusubiri kati ya kupiga na kuchuma, zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa, na bustani ya nyumbani haina subira hiyo. Leo umepiga, keshokutwa unga umeisha, mboga ndiyo hiyo hiyo. Kwa panzi uliowaeleza hakuna sababu ya kufika huko.

Hao ni panzi wanaonuka, ambao wataalamu humwita Zonocerus elegans. Mshike mmoja kwa vidole, atatoa majimaji yenye harufu mbaya. Zile rangi kali ni onyo kwa ndege kwamba mwili wake una sumu, ndiyo maana hana haraka ya kukimbia. Akikomaa anageuka kuwa wa kijani kilichochanganyika na njano, tumbo lina mistari myeusi na ya njano, na vipapasio vina pete za rangi ya chungwa. Sasa sikiliza jambo la kukupa moyo: hata akiwa mkubwa, wengi wao wana mabawa mafupi na hawawezi kuruka mbali. Wewe hupigani na panzi wa wilaya nzima. Unapigana na wa chini ya ule mwembe tu.

Hawa wadogo wana tabia ya kukaa kwa makundi. Jioni wanapanda juu ya mimea na kulala huko wamebanana, na alfajiri kabla jua halijawachangamsha wanakuwa wazito, karibu hawajiwezi. Hapo ndipo unapowawahi. Chukua ndoo, tia maji robo yake, kwangulia humo sabuni ya mche na ukoroge mpaka maji yawe ya utelezi. Ingiza ndoo taratibu chini ya tawi walikolala, kisha likung'ute kwa mkono mmoja kwa mshtuko. Wataanguka wote kwa pamoja. Maji matupu huwaacha waogelee na kutoka, lakini maji ya sabuni yanawalowanisha na kuwazamisha upesi. Waliokufa wafukie kwenye shimo la mboji. Rudia alfajiri kadhaa mfululizo, kwa sababu mayai hayaanguliwi yote siku moja.

Usianze kwa kufyeka yale magugu. Najua mkono unawasha kutaka kusafisha, na huku vijijini mtu mwenye magugu karibu na nyumba husemwa. Lakini wakiwa wadogo panzi hawa wanakula mimea laini ya chini, na muhogo huupanda zaidi wanapokua. Ukifyeka magugu wakiwa juu yake, umewaondolea chakula na kuwaonyesha njia ya kwenda kwenye chainizi. Kamata kwanza, palilia baadaye. Na kama jirani kuna marejea yaliyopandwa kurutubisha udongo, yakague kila asubuhi, maana panzi huyu anavutwa sana na mmea ule. Unaweza ukawakuta wengi hapo kuliko kwenye mihogo.

Kuna kitu kimoja nataka ukitazame kwa makini. Wakati wa mvua ukikuta panzi amekufa huku ameng'ang'ania ncha ya shina, kichwa juu na miguu imekumbatia, usimwondoe. Huyo ameuawa na kuvu anayeshambulia panzi. Kuvu humpandisha juu kabla hajafa, halafu mbegu zake ndogo sana hupeperuka na kuwaangukia wenzake walio chini. Mzoga mmoja wa namna hiyo unakufanyia kazi bure. Bomba la sumu lingewaua wengine pia wanaokusaidia: vunjajungu, mijusi, vyura, na inzi fulani ambao mabuu yao huishi ndani ya mwili wa panzi mpaka anakufa.

Sehemu kubwa ya kazi, hata hivyo, iko ardhini, na wengi hawaifikii kwa sababu panzi wakiisha kuonekana wanadhani vita imekwisha. Panzi hawa wana kizazi kimoja kwa mwaka. Wakikomaa, majike hukusanyika mahali pa kivuli penye udongo laini, na kwa maelezo yako nadhani ni pale pale chini ya mwembe. Jike huchomeka tumbo lake ardhini, hulirefusha, na kutaga mayai yakiwa yamefungwa na povu. Povu likikauka linakuwa kifuko kigumu kiasi, chembamba, kimeshikamana na udongo kwa nje. Ukikivunja utayaona mayai yamepangwa ndani, marefu, rangi ya njano iliyofifia. Mayai hayo hukaa ardhini miezi mingi yakisubiri.

Kwa hiyo mwaka huu, wakubwa watakaokuponyoka wafuatilie kwa macho. Ukiona wamejikusanya chini kivulini, wengi wakiwa wamekaa sehemu moja na matumbo yamezama ardhini, chomeka kijiti uweke alama. Wakishaondoka, chukua jembe la mkono ulime pale juu juu, kina cha vidole vinne hivi, ugeuze udongo na kuuacha wazi juani. Jua litakausha mayai, na mchwa, ndege na kuku watamaliza yaliyobaki. Hufanyi shamba zima, unafanya ile sehemu yenye kijiti. Nilipokuwa kazini nilikuwa nawaomba wenyeviti wa vitongoji waifanye hii iwe kazi ya pamoja, kila kaya chini ya miti yake, kwa sababu panzi aliyekosa kuanguliwa kwa jirani yako ni panzi ambaye hutamkung'uta.

Na huyo jirani yako wa sumu, mwite alfajiri aje na ndoo yake.

Bibi Shamba, salamu. Hapa Chamwino miarobaini iko kila mahali. Nilichemsha majani sufuria nzima, nikanyunyizia bamia na nyanya chungu saa nne asubuhi. Siku ya pili panzi walikuwa wanakula kama kawaida. Naanza kuamini kwamba hii mwarobaini ni maneno tu.
*Mkulima, Dodoma*

Salamu, ndugu yangu. Si maneno. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu Mjerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudani nzige wa jangwani walipovamia. Waliikomba mimea ya kila aina na kuiacha miarobaini ikiwa na majani yake. Ndipo wanasayansi wakaanza kuuchunguza mti huu kwa bidii, na mwaka 1968 wanakemia huko Uingereza wakafanikiwa kuitenga kemikali yenyewe inayoitwa azadiraktini. Walichotumia kuipima ni nzige hao hao wa jangwani, wakitazama kama wanakubali kula au wanagoma.

Sasa tuangalie ulivyofanya. Kuchemsha kumeipunguza nguvu, kwa sababu azadiraktini haistahimili moto. Saa nne asubuhi nayo si saa yake, kwani jua la Dodoma linaivunja upesi. Halafu umetumia majani, na nguvu kubwa ya mwarobaini imo kwenye kiini cha mbegu.

Fanya hivi. Okota matunda yaliyoiva na kuanguka, menya nyama yake, osha mbegu, zianike kivulini penye hewa mpaka zikauke kabisa. Zilizoota ukungu mweusi zitupe. Ondoa ganda, twanga viini polepole hadi viwe unga unaonata. Kwa lita 10 za maji tumia nusu kilo ya viini vilivyotwangwa. Funga unga huo kwenye kitambaa chepesi, loweka kwenye maji ya baridi usiku kucha, asubuhi kamua vizuri na uchuje tena ili bomba lisizibe. Ongeza sabuni kidogo ya maji ili dawa ishike kwenye jani. Tunza ndoo kivulini mpaka jua lizame, kisha nyunyiza juu ya jani na chini yake mpaka lilowe. Dawa ya siku hiyo imalizike siku hiyo. Baada ya wiki rudia, na mvua ikinyesha kabla ya hapo rudia mapema.

Kinu cha kutwangia kiwe cha kazi hiyo peke yake. Uchungu wa mwarobaini hautoki kwenye mbao, na mafuta ya mbegu zake yanaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo akiyanywa. Mboga uliyonyunyizia ioshe vizuri kabla ya kupika.

Jambo jingine ni matarajio. Mtu aliyezoea sumu ya dukani anataka aone mizoga chini. Mwarobaini haufanyi kazi hivyo. Panzi akionja jani anapoteza hamu ya kula, na yule mdogo aliyekula anashindwa kujivua gamba ili akue, anabaki nusu nje nusu ndani na kufa. Mkubwa mwenye mabawa hana gamba tena la kujivua, hivyo kwake kinachobaki ni ule uchungu wa kumfukuza, naye anaweza kuvumilia akiwa na njaa. Ndiyo maana sichoki kusema: shughulika nao wakiwa wadogo. Ukinyunyizia mwarobaini siku chache baada ya kuwaona wametoka ardhini, utaniandikia barua ya aina nyingine.

Dodoma mna tatizo lenu pia, nalo ni ukame. Porini nyasi zikikauka, bustani yako iliyomwagiliwa ndiyo kijani pekee kinachoonekana, kwa hiyo panzi wa kila aina wanaelekea hapo. Acha ukanda wa nyasi kuzunguka bustani, upana wa hatua mbili tatu, na ukimwaga maji bustanini umwagie na ukanda huo kidogo ubaki mbichi. Wengi wataishia huko. Alfajiri unaupitia ukanda na wavu wa mkono, kazi inakuwa sehemu moja. Na ukitaka kufyeka, fyeka kuanzia upande wa bustani ukielekea porini. Ukianzia porini unawaswaga waje kwako.

Bibi Shamba, nikiwaua panzi bustanini siwaui senene wetu? Huku tunawasubiri kwa hamu na wengine ndiyo ada ya shule.
*Muleba, Kagera*

Mwangalie vipapasio. Panzi wa bustani vipapasio vyake ni vifupi na vinene. Senene ana vipapasio vyembamba kama uzi, virefu kupita mwili wake mwenyewe, na kichwa chake kimechongoka mbele. Senene ni wa usiku, anafuata taa, na chakula chake hasa ni nyasi na mbegu changa za jamii ya nafaka. Ukimkuta mchana kwenye kabichi, huyo si mharibifu wako, ametua tu.

Ukikamata kwa ndoo kama nilivyomweleza mama wa Mvomero utachagua mwenyewe wa kuacha. Bomba la sumu halichagui. Nami nakusihi sana, msimu wa senene wa Novemba ukikaribia, mtu yeyote kitongojini asipige sumu kwenye nyasi. Senene aliyepigwa dawa anaweza kuruka, akatua kwenye taa za mtu mwingine, akaingia kwenye kikaango, na watoto wakala.

Habari za huko Bibi Shamba. Hapa Machakos nina kuku wa kienyeji na shamba dogo la sukuma wiki. Nikiwafungulia kuku wakule panzi, wanakula sukuma pia na kufukua miche. Kuna njia?
*Mama Mboga, Machakos*

Njema, dada yangu. Ipo njia, ila inahitaji ufuate saa na majira. Kuku ana faida kubwa kabla ya kupanda. Ukishalima, waache kuku kwenye shamba tupu siku kadhaa. Ile tabia ya kufukua inayokuudhi kwenye miche ndiyo unayoitaka hapo, kwa sababu wanayafukua mayai ya panzi na mabuu ya wadudu wengine. Ukishapanda, zungushia sukuma uzio wa wavu au wa vijiti na kuku wazunguke nje yake. Panzi wengi hawaangukii bustanini kutoka juu, wanatoka kwenye majani ya pembeni wakirukaruka, na njiani watakutana na mdomo wa kuku. Sukuma zikishakuwa na mashina magumu unaweza kuwaruhusu kuingia jioni, nusu saa hivi kabla ya kulala, wakiwa wameshashiba pumba. Kuku aliyeshiba hufukuza kinachoruka na hana shida na jani.

Ukipata kanga, mimi nampendelea kuliko kuku. Anafukua kidogo, anatembea sana, na jicho lake halikosi mdudu. Ila ana kelele, na usiku hupenda kulala juu ya mti, kwa hiyo mzoeze bandani tangu kifaranga.

Panzi wanaonuka, wale weusi wenye njano, usiwategemee kuku kwa hao. Sumu yao wanaijua na wengi wanawakwepa. Hao ni wa ndoo.

Nikiwa hapo hapo kwa marafiki wa mkulima: yangeyange wale weupe wanaofuata ng'ombe wanakula panzi kuliko kitu kingine chochote, wafundishe watoto wasiwapige manati. Na kuna wale mbawakawa weusi wenye mikanda ya njano au nyekundu wanaokula maua ya kunde na maharage. Mnawachukia, na mnayo haki. Lakini mabuu wa jamii yao huishi ardhini wakila mayai ya panzi. Wakizidi kwenye kunde waokote ukiwa na glavu, maana majimaji yao hutoa malengelenge kwenye ngozi. Wakiwa wachache waache.

Shikamoo Bibi. Wazee wetu huku hutumia utupa, wengine tumbaku, wengine pilipili na majivu. Kwa kuwa vyote ni vya asili, naweza kuvichanganya vyote kwenye bomba moja nipige panzi?
*Kijana mkulima, Songea vijijini*

Marahaba, mjukuu wangu. Usivichanganye, na naomba uiache kabisa hiyo fikra kwamba cha asili hakidhuru. Utupa wazee wako waliutumia kuvulia samaki: majani yanapondwa, yanatupwa kwenye dimbwi, samaki wanaelea. Kilichowaua samaki wale, rotenoni, ndicho hicho kinachoua panzi. Ukipiga utupa kwenye bustani ya bondeni na mvua ikanyesha usiku, asubuhi kijito kizima kimekufa, na watu walio chini yako wanachota maji hapo. Bustani yako ikiwa karibu na mto, kisima au bwawa la samaki, utupa usiuguse. Ikiwa mbali na maji unaweza kuutumia kwa kiasi, jioni, ukiwa umejifunika mdomo na pua, na mboga zisichumwe mpaka siku kadhaa zipite.

Tumbaku nasema hapana. Nikotini inapita kwenye ngozi ya mpigaji, na wapo waliozidiwa kwa kichefuchefu na kizunguzungu kwa kuwa na bomba linalovuja mgongoni. Zaidi ya hayo, majani ya tumbaku yanaweza kubeba virusi vya batobato ambavyo vinashika pia nyanya, pilipili na bilinganya. Utakuwa umefukuza panzi na kuleta ugonjwa usio na dawa.

Pilipili ni nzuri kwa kufukuza, haiui. Twanga pilipili kichaa konzi moja na vitunguu saumu, loweka usiku kwenye lita chache za maji, chuja, ongeza sabuni, nyunyiza. Jani linakuwa kali, panzi anahamia kwingine. Funika macho, na usimpe mtoto kazi hiyo. Majivu yanasaidia kwenye miche midogo wakati wa kiangazi, unayanyunyizia jani likiwa na umande. Mvua ya kwanza inayaosha, na ukimwaga mengi mno mwaka hadi mwaka udongo unabadilika, kwa hiyo mkono uwe mwepesi.

Pareto nayo ni ya asili, inalimwa sana nyanda za juu hapo jirani zenu Mbeya na Iringa. Inaangusha panzi papo hapo. Inaangusha na nyuki, na samaki haiwaachi. Kama umebanwa kabisa, piga baada ya jua kuzama nyuki wakiwa mzingani, na ununue duka la pembejeo lenye chupa zilizosajiliwa na TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu.

Nitajuaje kwamba hawa ni panzi wa kawaida na siyo nzige? Februari 2020 tulishtuka sana huku.
*Mwanga, Kilimanjaro*

Nakumbuka hofu ile. Wenzetu wa Kenya walikuwa wameshavamiwa tangu mwishoni mwa 2019, na kwao uvamizi kama huo haukuwa umeonekana kwa miaka 70. Kwenu yakafika makundi madogo.

Nzige ni panzi mwenye uwezo wa kubadilika tabia. Wakiwa wachache anaishi peke yake na hana tofauti kubwa na wengine. Mvua nzuri ikileta kizazi juu ya kizazi mpaka wakaanza kugusana miguu, miili yao inabadilika rangi, wanaanza kufuatana, wakiota mabawa wanaruka pamoja. Kundi la nzige wa jangwani la kilomita moja ya mraba linaweza kuwa na wadudu milioni 40 hadi 80, nao hula kwa siku chakula cha watu 35,000. Ukiona panzi wachache kwenye mchicha, wa aina tofauti tofauti, kila mmoja anaruka upande wake, hao ni wa kawaida. Ukiona watoto wa panzi wa aina moja, maelfu, wanatembea ardhini wakielekea upande mmoja, au wenye mabawa wanapita wakifuata upepo mmoja, mpigie afisa ugani na mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo. Usisubiri wafike kwako, na usihangaike na mwarobaini. Kazi hiyo ni ya serikali na ndege zake.

Hata hapo njia ya asili ipo. Tanzania ina mazalio ya nzige wekundu: bonde la Ziwa Rukwa, mbuga za Iku na Katavi, na bonde la Malagarasi. Mwaka 2009 walipofumuka, walinyunyiziwa kwa ndege kuvu aitwaye Metarhizium, aliyetengenezwa mahsusi kwa jamii ya nzige na panzi, kwenye eneo la hekta 10,000 hivi, na wimbi lile likazimwa pale pale. Kuvu huyo huchukua wiki moja hadi tatu kuua, lakini viboko, samaki, ndege na nyuki wa mbuga hawakupigwa sumu. Nilifurahi mno niliposikia. Ningependa siku moja nimwone akiuzwa kwenye pakiti ndogo mkulima wa ekari moja anazomudu.

Bibi Shamba, mimi nalima kwenye viroba na ndoo juu ya baraza hapa Tabata. Panzi wawili tu wananimalizia mchicha wote! Chandarua cha zamani kinafaa kufunika?
*Dar es Salaam*

Chandarua chenye dawa kilichotolewa kwa ajili ya malaria kibaki kitandani, na kikichakaa kisigeuke kifuniko cha mboga, kwa sababu dawa ile haikuwekwa kwa ajili ya kitu unachokula. Nunua mita chache za neti ya madirisha. Panzi mwenye njaa anaweza kutafuna kitambaa laini, ila ile ngumu inamshinda. Pinda fito au waya nene upate matao juu ya viroba, tandaza neti, na kingo zake uzikandamize kwa mawe pasibaki upenyo. Kabla ya kufunika, kagua kila jani juu na chini, maana panzi uliyemfungia ndani atakula bila adui. Hao wawili wakamate kwa mkono alfajiri kabla baraza halijapata jua.

Mchicha unaweza kukaa chini ya neti mpaka unauchuma. Ukipanda matango au maboga, yakianza kutoa maua funua neti asubuhi nyuki wapite, kisha ufunike tena mchana.